Siku Niliyobeba Godoro Kichwani

Kwanza niliweke hili sawa: sikuachika. Najua wapo hapa Misunkumilo mpaka leo wanaosimulia kwamba waliniona kwa macho yao nikiondoka kwa mume wangu mchana kweupe, godoro kichwani, uso nimeukunja. Godoro ni kweli waliliona. Uso uliokunjwa nakubali. Mengine yote wameongeza wenyewe. Kilichonitoa nyumbani siku ile ni kitanda cha watoto.

Nina watoto pacha, wasichana, wote wawili darasa la kwanza. Majina yao ni yao, siyaandiki. Mmoja alitangulia kutoka tumboni, mwingine akafuata baada ya muda ambao mimi niliuona mrefu kama masika nzima, kwa hiyo hapa nitawaita Aliyetangulia na Aliyefuata. Miaka sita walilala na mimi, mmoja kila upande, vichwa kwapani, magoti mbavuni. Baba yao anasafirisha mpunga na mahindi kwa lori, wiki yupo, wiki hayupo. Akirudi anakuta kitanda kimejaa, anatandika mkeka sebuleni kama mgeni aliyekosa gari. Ikabidi wahamie chumba chao. Na chumba chao ni kile kidogo cha nyuma, ambacho ukiweka vitanda viwili mlango haufunguki. Nilikipima kwa hatua mara tatu, nikidhani labda kitanionea huruma kitanuke. Hakikutanuka. Ikabaki dabo deka, kitanda juu ya kitanda.

Mimi hicho kitanda nilikuwa nakipenda na kukiogopa kwa wakati mmoja, na sababu zote mbili nazijua.

Utoto wangu mimi ulilala juu. Tulikuwa tunalima mpunga bondeni, upande wa Ugalla, na baba yangu alikuwa na mizinga yake ya nyuki msituni. Mpunga ukianza kujaa maziwa, ndege wanakuja kwa mawingu, na watoto tunapandishwa ulingoni kuwafukuza. Ulingo wetu ulikuwa miti minne iliyosimama na kichanja juu yake, juu kuliko kichwa cha baba akinyoosha mkono. Asubuhi tunapiga kelele, tunagonga madebe, tunarusha madongo kwa kombeo. Mchana jua likikaa katikati, ndege nao wanachoka. Hapo ndipo nilipokuwa nalala.

Sijawahi kulala tena vile. Upepo ukipita, mpunga unainama wote upande mmoja, kisha unainuka, na ukiwa umelala kwa ubavu na jicho moja limefumba, huoni mpunga ukitembea, unaona ulingo ndio unatembea. Nilikuwa nasafiri. Nilikuwa napita juu ya kijani kibichi kisichoisha, harufu ya majani makavu chini ya shavu, mahali fulani nyuki wanavuma, na sauti ya baba chini akikohoa ili nijue yupo. Nikiamka nashangaa kukuta mti ule ule, kichuguu kile kile. Nilidhani vimetufuata.

Na sikuanguka hata siku moja. Baba alikuwa na utaratibu wake. Akimaliza kichanja, analaza majani, mengi, mpaka yanabonyea. Halafu ananiita. "Panda, lala kama unavyolala." Nalala. Anakaa pembeni yangu, anaweka kiganja kwenye bega langu lililo juu, na usawa wa kile kiganja anakata alama kwenye nguzo kwa panga. Hapo ndipo ukingo ulipofika, pande zote nne. Watu wengine walikuwa wanafunga fito moja ya kuzuia majani yasimwagike, basi. Wakimcheka kwamba anajenga zizi la mbuzi hewani, yeye anasema, "Ukingo haupimwi kwa mti mtupu. Unapimwa kwa mtu aliyelala." Aliupima upya kila mwaka, maana kila mwaka nilikuwa nimekua. Baba hayupo tena. Hilo neno lake nilikuwa nalijua kama ninavyojua kuandika jina langu, na ndilo nililolisahau.

Sababu ya kuogopa ni bweni. Sekondari nililala kwenye dabo deka za chuma, nami nilikuwa juu. Ukingo hakuna. Kitu kama kidole cha chuma kilichopinda upande wa kichwani, basi. Msichana aliyelala kitanda cha juu mkabala na changu alianguka alfajiri moja, kabla ya kengele. Nilisikia kishindo kama gunia la karanga linaposhushwa, halafu kimya, halafu sauti yake ndogo ikisema, "Jamani, nani amenisukuma?" Mfupa wa bega ulivunjika. Mlezi wetu wa bweni alikuja na khanga mabegani, akamtazama, akasema, "Alikuwa anaota huyu." Na kwenye maelezo yaliyokwenda kwa wazazi iliandikwa hivyo: alianguka kwa sababu alikuwa anaota.

Ile hasira ninayo mpaka leo. Nani asiyeota? Mnaweka watoto hewani halafu mnawalaumu kwa kuota?

Kwa hiyo nilipoanza kutafuta kitanda, nilitafuta kama mtu anayetafuta mchawi. Mjini kuna duka wanauza vya chuma, vimepakwa rangi ya pinki, vina vipepeo. Kijana wa duka akanipokea vizuri.

"Sista, hiki ndiyo chenyewe. Kimetoka Dar."

Nikakishika nguzo, nikakitikisa. Kikalia kama baiskeli ya mgambo.

"Mbona kinacheza?"

"Kinacheza sababu hakina mtu, sista. Kikipata uzito kinatulia."

"Kwa hiyo mwanangu ndiyo jiwe la kukitulizia?"

Akacheka. Nikaingiza ngumi yangu kati ya nondo za ukingo, ikapita. Nikaingiza ngumi mbili zimebanana, zikapita. Nikamuuliza, mwili ukipita hapa kichwa kikabaki, tunafanyaje? Akasema, "Sista, we una mawazo ya ajabu." Ndiyo, ninayo. Nimezaa wawili kwa siku moja.

Nikaenda kwa fundi. Fundi huyu ana kibanda cha bati na uwanja umejaa vumbi la mbao, na anafanya mninga peke yake, mbao nyekundu kama damu iliyokauka. Ni mtu mzima, mpole, ana penseli sikioni ambayo nadhani analala nayo. Nilimwambia yote kwa mpangilio. Bolti, sitaki misumari, maana msumari unalegea mtoto akirukaruka. Kona zote zipigwe msasa ziwe mviringo. Chaga zikaribiane, mguu usipenye. Ngazi ilale kidogo, isisimame wima kama ya mnazi. Kati ya kitanda cha juu na kenchi za paa, mtoto aweze kukaa kitako bila kugonga kichwa. Na ukingo pande zote, hata upande wa ukutani, kwa sababu kitanda huwa kinasogea na mtoto anadondokea katikati.

"Mama Pacha," akasema, "nimetengeneza dabo deka za hosteli mbili nzima. Hakuna aliyewahi kuniambia upande wa ukutani."

"Mimi nakwambia."

"Na ukingo uwe wa kwenda wapi?"

Nikaweka mkono kwenye mbao. "Shibiri moja na vidole vitatu kutoka kwenye chaga."

Akaandika kwenye ukuta wa kibanda kwa ile penseli. Na nilipoenda kukikagua kimekamilika, nilimlaza Aliyetangulia juu ya chaga, pale pale kiwandani, ukingo ukampita bega vizuri. Nikakitikisa kitanda kwa mikono miwili, kwa mguu, kwa makalio. Hakikusema kitu. Kilikuwa kinanukia kama msitu uliopata mvua. Nilisimama pale na hasira zangu zote nikakosa pa kuziweka.

Godoro nikanunua kwingine, kama watu wote. Hapo ndipo roho yangu ya bweni iliponisaliti. Miaka minne nililalia godoro jembamba kama chapati ya jana. Nikasema wanangu hawatalala hivyo. Nikachukua mawili manene, inchi nane, yale ukikaa yanakupokea taratibu kama mtu anayekuhurumia.

Kitanda kilifika wakati mama mkwe wangu yuko kwetu. Yeye anakaa Kasekese. Walikuja huku zamani na ng'ombe kutoka Usukumani, na mpaka leo akisimama mahali anasimama kama anahesabu mifugo. Mimi ananiita mayu, yaani mama, kama anavyowaita wanawake wote anaowapenda na wale anaotaka kuwakosoa. Akakizunguka kitanda, akakigonga kwa kifundo cha kidole.

"Mbao ni nzuri, mayu. Sasa nani juu, nani chini?"

"Watapokezana, mama. Wiki huyu, wiki yule."

Akanitazama kama nimesema watapokezana chakula.

"Pacha huwapangi kama magunia, mayu. Ukimpa mmoja, unampa na mwenzake, siku hiyo hiyo, kitu hicho hicho. Khanga mbili. Mapaja mawili ya kuku. Huyu ukimwinua, yule umemshusha. Watakataa."

"Mama, ni kitanda tu."

"Haya," akasema, akacheka kidogo. "Mimi nimesema. Wenyewe watakuambia."

Nilikasirika, siwezi kudanganya. Nilikuwa nimezunguka mji mzima, nimeingiza ngumi kwenye kila ukingo, na hakuna aliyenisifu. Nikasema moyoni, hawa wazee, kila kitu mila. Nikapanga: wiki ya kwanza Aliyetangulia juu.

Ilikuwa Jumamosi, mchana, wametoka kula. Nikawaambia wakajaribu kulala kidogo, Aliyetangulia juu, Aliyefuata chini, chandarua nimekifunga kwenye kenchi kimeshuka kama moshi mweupe. Niliwaacha wanacheka. Nikatoka uani kufua. Mama mkwe alikuwa kibarazani anachambua mchele. Ile siku ilikuwa na ukimya wa kabla ya mvua, wingu limekaa tu, kuku wamejibana chini ya mkokoteni wa jirani. Nilikuwa nasugua shati la shule na akili yangu imeondoka zamani, iko bondeni, iko juu ya ulingo, mpunga unainama na kuinuka. Nakumbuka kabisa nilimsikia baba akikohoa.

Nikaacha shati kwenye beseni. Sijui kwa nini. Nikaingia ndani mikono ina povu.

Kitanda cha chini kilikuwa kitupu. Wote wawili walikuwa juu. Bila shaka walikuwa juu, kama mmoja yuko juu mwingine akae chini kwa nini? Aliyetangulia alikuwa ameegemea ukutani, amejitanua. Aliyefuata alikuwa upande wa nje. Mguu wake mmoja na nyonga nzima vilikuwa vimevuka ukingo. Ukingo ule wa mninga, wa shibiri moja na vidole vitatu, niliousimamia mwenyewe, ulikuwa chini ya paja lake kama tandiko la punda. Godoro lilikuwa limekula karibu wote. Kilichobaki juu ya godoro hakikuzidi vidole viwili vya mtu mwembamba. Mkono wake ulining'inia hewani, umefunguka, na usoni alikuwa anatabasamu. Alikuwa anaota.

Na chini kabisa sakafu ya sementi, nimeipiga deki asubuhi, inang'aa.

Sikupiga kelele. Nilitembea kama unavyotembea karibu na mzinga, nikaingiza mikono yangu yenye povu chini ya mgongo wake, nikamchukua. Akafungua jicho moja.

"Mama, tulikuwa tunaenda."

"Wapi?"

"Huko," akasema, akalala tena begani kwangu.

Nikasimama pale nimembeba. Mama mkwe alikuja mlangoni na ungo wake, akatazama kitanda cha chini kitupu, akatazama juu, akatazama miguu ya mtoto inayoning'inia kwangu. Nikajiandaa kusikia "nilikuambia". Badala yake aliweka ungo chini, akanyoosha mikono.

"Nipe huyo. Yule mwingine namteremsha. Wewe una pa kwenda, nakuona."

Ni kweli nilikuwa na pa kwenda. Nilivuta godoro la juu kutoka ndani ya ukingo, nikalikunja, likakataa kukunjika, nikalifunga kwa kamba ya kuanikia nguo, nikajitwisha. Nikatoka.

Sasa, mwanamke anayetoka kwake mchana na godoro kichwani, mtaani kwetu hana maelezo zaidi ya moja. Sikulifikiria hilo hata kidogo mpaka nilipofika kwa mama muuza mihogo.

"Mama Pacha! Weee! Kulikoni tena?" Akainuka kabisa na mwiko wake. "Watoto umemwachia nani?"

"Mama mkwe."

"Mama mkwe ndiyo amekutoa?"

"Hakuna aliyenitoa!"

"Ndivyo tunavyosema wote siku ya kwanza, mdogo wangu."

Vijana wa bodaboda wakadakia. "Sista, panda nikusogeze! Talaka haitembei kwa miguu!" Mwenzake akamjibu, "Acha ujinga, huyo hajaachika. Ukiachika unaacha godoro, unabeba sufuria. Huyo kamwacha mwanaume na chaga."

Wakacheka mpaka pikipiki moja ikalala. Hapo ndipo nilipogeuka, godoro likageuka nalo likamkosa mtu kidogo, nikasema kwa sauti ambayo sikujua ninayo:

"Siachwi mimi! Naenda kumlaza fundi!"

Mama wa mihogo akasema, "Mungu wangu," akazima jiko. Ninaapa, alizima jiko. Nilipofika kwa fundi nilikuwa na watu nyuma yangu kama msafara wa harusi.

Fundi alikuwa anapiga randa. Uwanjani kulikuwa na dabo deka ya hosteli, karibu kumalizika, ukingo wake ndiyo ule ule, kipimo kile kile. Kumbe kipimo changu alikuwa amekipenda, amekifanya cha wote. Nilitupa godoro langu juu ya chaga zake za juu.

"Fundi, panda."

"Mama Pacha, shikamoo yenyewe bado..."

"Nakuheshimu, baba yangu. Panda ulale."

Watu wakaanza, "Lala, fundi! Lala!" Akaweka randa chini, akajifuta vumbi, akapanda taratibu na viatu vyake mkononi. Akalala chali, mikono kifuani kama anayeagwa.

"Haya," nikamwambia. "Sasa geuka kama unavyogeuka usingizini."

Akageuka. Nyonga ikapanda juu ya ukingo kabla hajamaliza kugeuka. Akashika nguzo kwa mikono miwili, miguu ikapiga hewa, watu wakapiga ukelele, na ile penseli ya sikioni ikaruka ikaanguka chini. Tuliisikia wote ilivyogonga. Kapenseli kadogo tu, lakini kila mtu akaangalia pale ilipoanguka.

Fundi alikaa kitako juu kule, pole pole. Akaweka kiganja kati ya godoro na ukingo, akapima. Vidole viwili.

"Tangu nianze kazi hii," akasema, na wala hakuwa ananijibu mimi, alikuwa anasema na mkono wake, "hakuna mteja aliyewahi kuniletea godoro. Mimi nauza mbao. Godoro linauzwa kule. Sijawahi kuona kitanda changu kimevaa."

Nilikuwa nimejaza kifua kumtukana. Nilikuwa na maneno ya kutosha kuanzia yeye, yule wa vipepeo vya pinki, mlezi wa bweni, mpaka mwenye mji. Nikafungua mdomo nikasikia sauti ya baba. Ukingo haupimwi kwa mti mtupu. Shibiri na vidole vitatu ilikuwa yangu. Mkono uliowekwa kwenye mbao ulikuwa wangu. Mimi ndiye niliyelalia majani mwaka hadi mwaka na kiganja begani, halafu nikamlaza mwanangu kwenye chaga tupu, nikatikisa kitanda kwa makalio, nikaondoka najisifu.

"Si wewe peke yako," nikamwambia. Kusema hivyo kuliniuma kuliko uzazi.

Mama wa mihogo akasema, "Kumbe ni kitanda tu?" Alisikitika, nilimwona. Akarudi kuwasha jiko.

Fundi alikuja nyumbani jioni ile ile, kabla ya jua kuzama, na mbao nne na bolti kwenye kopo. Akarudisha godoro mahali pake, akakwaruza kichwa.

"Sasa tumpime nani? Wale watoto nimeambiwa hawapandi tena."

"Nipime mimi."

Nikapanda. Niliinama nisigonge kenchi, nikalala kwa ubavu kama ninavyolala. Godoro likanipokea. Fundi akapanda ngazi mpaka katikati, akaegemeza kiganja chake begani kwangu, kwa adabu, kwa ncha ya vidole, na usawa ule ule akachora mstari kwenye nguzo kwa penseli. Nilifumba macho nikausikia mchoro ule kwenye mbao. Nikawa na miaka saba. Majani makavu yakanukia chini ya shavu. Nikajua nikifumbua nitauona mpunga, na panga, na mtu mwembamba aliyevua shati, anakata alama huku amebana ulimi kwa meno. Sikufumbua haraka. Fundi naye hakuniharakisha. Alishuka akaanza kutoboa.

Mama mkwe alikuwa amesimama mlangoni, mtoto huku, mtoto kule, wamemshika khanga. Nikamwambia kutoka juu kule, maana ukiwa juu ni rahisi kidogo kusema: "Mama, ulisema."

"Nilisema nini, mayu?"

"Kwamba watakataa."

"Hawajakataa," akasema. "Wamekubali wote wawili." Akatazama kitanda. "Waache walale chini wote. Pana nafasi. Pacha hawatenganishwi, hujitenganisha wenyewe. Siku moja watagombana, mmoja atakwambia, mama, mimi nataka kule juu peke yangu. Siku hiyo atakuwa na akili ya kulala kule."

Kwa hiyo ndivyo tulivyo mpaka sasa. Wanalala chini wote wawili, kila mmoja kichwa upande wake, miguu inakutana katikati na kupigana. Kitanda cha juu kina ukingo mrefu pande zote nne, jirani anakiita zizi la mbuzi, na nilipomsikia akisema hivyo nilicheka mpaka akadhani nimerukwa na akili. Fundi ana kipande cha mbao kiwandani, amekikata unene wa godoro, amekining'iniza mlangoni. Mteja akija anaulizwa kwanza: "Godoro lako inchi ngapi?" Zile za hosteli aliziongezea ukingo zote kabla hazijatoka. Wenye hosteli walinuna, wakasema anaharibu muundo. Akawaambia wapande walale.

Na mimi, mchana wa Jumamosi, kama baba yao yuko safarini na nguo zimekauka, napanda juu. Sina aibu. Mvua ikishika bati, huwezi kusikia kitu kingine duniani. Chandarua kinapumua. Najilaza kwa ubavu, ukingo unanifika begani, nafumba jicho moja, na chumba kidogo cha nyuma kinaanza kutembea, taratibu, kinapita juu ya paa za Misunkumilo, juu ya mahindi ya watu, kinaelekea bondeni.

Jumamosi iliyopita, katikati ya safari hiyo, nilisikia chaga zikisukumwa kutoka chini. Miguu minne kwa pamoja.

"Mama, uko macho?" Huyo ni Aliyetangulia.

"Niko macho."

"Tunaenda wapi?" Huyo ni Aliyefuata.

Nikakohoa kidogo, ili wajue nipo.